Shule Yako Imenipokonya Adui

Nyumba Namba 14,
Safu ya Masajenti,
Kambini, Barabara ya Kasese kwenda Bwera.
Jumatatu, baada ya gwaride.

Kwa Mheshimiwa Mwalimu Mkuu Tsongo,

YAH: MADHARA YA SOMO LA UPOLE KWA FAMILIA YANGU, KIKOSI CHANGU NA UADUI WANGU

Pokea salamu kutoka ng'ambo ya barabara. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na watoto. Sisi huku tu wazima wa mwili. Kuhusu sehemu nyingine za binadamu, ndiyo sababu naandika.

Mimi ni Sajenti Onen, baba yake Sarah wa darasa la tano, yule mwenye pengo la jino la mbele. Kazi yangu ni kufundisha gwaride. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa, mimi hulipwa kupiga kelele, na nimeifanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka ishirini na miwili bila likizo ya ugonjwa wa koo. Sarah alinishauri nikuandikie kwa Kiingereza kwa sababu wewe ni msomi. Nilikataa. Hasira yangu haijui Kiingereza.

Muhula uliopita ulituita wazazi ukatujulisha kwamba Mwalimu Musoki ataanza kufundisha somo jipya, la kuzungumza bila kuumizana. Ulisema watoto watajifunza hatua nne: mtu aseme alichokiona, aseme anavyohisi, aseme anachohitaji, kisha aombe. Wazazi walipiga makofi. Na mimi nilipiga, kwa kuwa nilidhani ni mambo ya usafi wa mazingira. Leo nayarudisha makofi yangu, na nataja madhara moja baada ya jingine.

1. Siku ya tatu ya somo lenyewe, nilirudi nyumbani nikakuta viatu vyangu vya gwaride vimelowa. Nikatoa sauti niliyofundishwa na serikali: "Mtoto wa mbuzi wewe! Nani amemwaga maji hapa? Nitakutia kwenye debe nifunike!" Miaka yote, neno hilo likitoka, nyumba nzima hukimbilia uani, nami nabaki na amani na viatu vyangu. Safari hii Sarah alisimama palepale. Akaweka chini sufuria aliyoshika. Akasema, "Baba, nimeona unapiga kelele na mishipa ya shingo imetoka. Nahisi woga. Nahitaji kujua niko salama. Naomba useme tena, lakini polepole."

Mheshimiwa, nilisema tena. Polepole. Na nikagundua kwamba maneno yale, yakisemwa polepole, hayana maana yoyote. Kwanza hatuna debe lenye ukubwa huo. Pili, kama yeye ni mtoto wa mbuzi, basi mimi ni nani? Nilikaa kitandani nikajiuliza hivyo mpaka chakula kikapoa. Na maji, ilikuja kujulikana, niliyamwaga mwenyewe asubuhi nikinyoa ndevu.

2. Ugonjwa ukamwambukiza mama yake. Mke wangu Apio nimeishi naye miaka kumi na tisa kwa amani kamili, maana hatukuwa tukizungumza. Sasa Sarah amemletea kutoka darasani karatasi yenye picha za nyuso ishirini na nne, kila uso na jina lake: aliyechoka, mpweke, mwenye haya, na kadhalika. Apio ameibandika ukutani, karibu na cheti changu cha ulengaji shabaha. Nikirudi, ananiuliza, "Onen, leo unahisi nini?" Nikamjibu, "Njaa." Akasema njaa haimo kwenye karatasi.

Nilimweleza kwamba jeshini tuna hisia mbili tu, tayari na si tayari, na zote mbili husemwa kwa kugonga kisigino. Hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye uso wa mpweke akasema, "Mimi leo ni huyu. Unarudi nyumbani lakini bado uko kazini. Nakuona kwa macho tu." Nikajibu kama nijibuvyo kwenye redio ya jeshi: "Nimepokea. Endelea." Basi akaendelea, Mheshimiwa. Aliendelea saa mbili na nusu. Nilisikia mambo ya tangu tulipokuwa Kitgum. Nilisikia kwamba mwaka ule alipojifungua Sarah nilimtumia salamu kupitia koplo. Sikulala vizuri siku tatu, nikila vizuri kuliko nilivyowahi kula, na sijui hayo mawili yanahusiana vipi.

3. Bomba la maji. Hapa sisemi mengi. Nabukenya na Amoding, wake wa jirani zangu, walikuwa wakigombana kwenye foleni ya madumu kila Jumatano. Walikuwa wazuri sana. Watu walibeba viti kwenda kuwatazama. Wiki iliyopita watoto wao waliwakalisha, na sasa wamepanga zamu kwenye karatasi. Jumatano hakuna kitu. Watu wanachota maji na kuondoka.

4. Kikosi. Ijumaa moja ya mwezi uliopita mstari wa nyuma ulipinda kama njia ya kwenda Nyakalengija. Nikamwendea Praiveti Ssali, ambaye mtoto wake pia anasoma kwako, nikamwambia uso kwa uso, "Ssali, wewe ni mzoga! Mzoga uliovaa kofia!" Ssali alibaki wima, macho mbele, kama inavyotakiwa. Kisha akasema, "Afande, nasikia kwamba unahitaji mstari unyooke."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi. Nikasema tu, "Ndiyo." Na mstari ukanyooka! Askari thelathini na wawili walinyooka bila tusi hata moja, na gwaride likaisha dakika ishirini kabla ya wakati. Nikasimama uwanjani sina kazi. Kwa kukosa la kufanya nikainua macho, nikauona mlima. Mawingu yalikuwa yamefunguka, theluji inang'aa juu kabisa. Miaka tisa niko hapa chini ya Rwenzori, Mheshimiwa, nilikuwa sijaiona theluji hata siku moja, kwa sababu saa hiyo ya asubuhi huwa natazama kofia za watu. Nilipotea pale kama mtalii. Meja alipita akaniuliza kama naumwa.

5. Baada ya hapo nilifanya uamuzi wa kiume. Nilimchukua Sarah kwenda kutafuta shule nyingine huko Ibanda. Sitaitaja, lakini sifa zake zilinifikia: kiboko asubuhi, kiboko mchana. Mwalimu mkuu wake alitupokea vizuri. Alituonyesha kabati lenye fimbo zilizopangwa kwa unene. Moyo wangu ukatulia, nikaona hapa ndipo nyumbani.

Sarah akazitazama zile fimbo, akamtazama yule mwalimu. "Mwalimu," akasema kwa adabu, na mikono yake akaiweka nyuma, "ukishika hii kubwa, huwa unahitaji nini?"

Mzee wa watu alianza kujibu kama mwalimu mkuu, kwamba anahitaji nidhamu. Sarah akaitikia kwa kichwa kuonyesha anasikiliza. Akangoja. Sijui mnawafundisha wapi kungoja namna hiyo. Hata mimi nilianza kutoka jasho. Yule mwalimu akasema anahitaji kuheshimiwa. Kisha akasema anahitaji kupumzika. Kisha akakaa juu ya dawati akasema amefundisha miaka thelathini na moja, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyewahi kurudi kumsalimia. Mkewe alikufa mwaka juzi. Nyumbani anakaa na redio. Tulikuwa pale mpaka kengele ya mchana. Alitusindikiza hadi barabarani, akampa Sarah maembe manne, akaniambia kwa sauti ya chini, "Afande, usimlete mtoto huyu hapa. Mrudishe kule alikotoka." Ndivyo nilivyokosa nafasi.

6. Sasa nafika kwenye shtaka lenyewe. Mengine yote ningeyavumilia. Hili siwezi.

Mheshimiwa, mimi nilikuwa na adui.

Naomba usinielewe vibaya. Sisemi mtu niliyemchukia kidogo, au wa msimu mmoja. Nasema adui wa miaka tisa, niliyemtunza mwenyewe kwa mikono yangu. Anaitwa Nobert, mkulima, Mukonzo wa hapahapa, shamba lake la mihogo limepakana na uzio wa kambi nyuma ya nyumba yangu. Unamfahamu, ni baba yake Gorret, anayekaa dawati moja na Sarah. Mwaka niliohamishiwa hapa, mbuzi wake waliingia wakala dodo zangu zote, yaani mchicha niliopanda mwenyewe. Uadui ukaanzia hapo, na hatukuuacha ulale. Mimi sijui Kikonzo, yeye hajui Kiacholi, kwa hiyo tulitukanana kwa Kiswahili, kingine tulikuwa tukikitengeneza palepale uzioni. Nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza ni kwenda nyuma ya nyumba kutazama kama yupo. Akiwapo, siku yangu imeanza. Asipokuwapo, kama alipolazwa na malaria, nilikuwa nazungukazunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Jumamosi moja ya mwezi huu, kiasi cha saa nne asubuhi, mbuzi dume wake aliingia tena akala kitalu cha kwanza cha dodo. Nikamkamata. Nikamfunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo kama mateka wa vita, nikachukua kiboko changu, nikangoja. Nobert akaja. Alikuja na panga.

"Afande," akasema, "leta mbuzi yangu. Leo iko siku ya mwisho."

"Vuka," nikamwambia. "Vuka hapa uone."

Akavuka. Nakuhakikishia, Mheshimiwa, matayarisho yote yalikuwa yamekamilika. Watu walikuwa wametoka majumbani, upande wangu askari na wake zao, upande wake ndugu zake na majembe yao. Kelele zilikuwa zimekoma, na mtu aliyekaa jeshini anajua maana ya kelele kukoma. Mkono wake wa panga ulikuwa unapanda. Na wangu ulikuwa umeshapanda.

Hapo ndipo wanafunzi wako walipoingilia.

Walitoka kwenye mazoezi ya kwaya, bado na sare. Sarah alikuja akasimama mbele yangu akinipa mgongo, na Gorret akasimama mbele ya baba yake akimpa mgongo. Wasichana wale wakatazamana, katikati ya panga na kiboko, karibu sana hata pua zingeweza kugusana. Hawakulia. Lakini nilikuwa naitazama shingo ya Sarah kwa nyuma, na ule mshipa mdogo wa shingo ulikuwa unapiga kama wa ndege aliyeshikwa mkononi. Sitaki kuuzungumzia zaidi mshipa huo.

"Baba yangu atakaa kwanza," Gorret akasema.

"Wangu pia," Sarah akasema.

Nobert na mimi tulitazamana juu ya vichwa vyao. Kwa mara ya kwanza kwa miaka tisa tulikuwa na swali moja: nani ataanza kukaa? Mwishowe Apio alileta madumu mawili, akayapiga chini, pu! pu! akasema, "Wote pamoja. Moja, mbili, tatu." Tukakaa. Panga likawekwa chini ya dumu lake, kiboko chini ya langu.

Kisha wasichana wakatoa sheria, na sheria hii, Mheshimiwa, ndiyo ningependa ipigwe marufuku. Kwamba mtu haruhusiwi kujibu mpaka kwanza arudie alichosema mwenzake, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema.

Nobert alianza. Alisema akitazama mikono yake.

"Ile mwaka ulikuja," akasema, "mvua ilikuwa inanyesha. Mbuzi ilikula mboga yako, nikakuja kuomba musamaha. Wewe ulinipigisha magoti pale kwa uzio, mu matope, mbele ya askari yako. Wote wanacheka. Mutoto yangu huyu alikuwa na miaka tatu, ananiangalia. Tangu ile siku, akisikia kiatu ya askari anajificha chini ya kitanda. Na mimi niko baba yake. Siwezi kumwambia asiogope, sababu aliniona."

Sarah akanigeukia. "Baba, rudia alivyosema."

Nikasema, "Anasema mbuzi wake walikula mboga zangu."

"Hapana," akasema Nobert. "Rudia."

"Anasema siku hiyo mvua ilinyesha."

"Hapana. Rudia."

Ningeweza kukuandikia kwamba nilikuwa nimesahau, na ndivyo nilivyokuwa nimejiambia miaka yote. Lakini sikuwa nimesahau. Nilikumbuka hata koti lake, lilikuwa la kijani, limechanika bega. Nilikuwa mgeni, askari walikuwa wakinitazama waone mimi ni sajenti wa namna gani, na yeye ndiye aliyetokea mbele yangu. Nikaanza mara ya tatu. Nilisema kwamba huyu bwana alikuja kuomba msamaha, na mimi nikampigisha magoti mtoto wake akiona. Nilipofika kwenye neno mtoto, sauti ikakatika. Sauti hii, Mheshimiwa, iliyosikika Muhokya upepo ukiwa mzuri! Ikakatika kama kamba ya kiatu. Na machoni nikapata tatizo ambalo mbele ya askari wangu nililiita vumbi, ingawa usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha.

"Ndiyo," akasema Nobert. "Ni hivyo."

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kuzungumzia dodo. Sarah akaniuliza nahisi nini, nikasema nahisi dodo zimeliwa, akasema hiyo siyo hisia. Basi likatoka ambalo sikulipanga, kwamba nimekaa mahali hapa miaka tisa, na hakuna mtu hata mmoja wa nje ya uzio aliyewahi kuniambia karibu. Napita sokoni Bwera watu wananyamaza. Mtu pekee aliyekuwa akinisemesha kila siku bila kuagizwa na mkubwa wangu ni Nobert, na alikuwa akinitukana.

Nobert akarudia, neno kwa neno, vizuri kuliko nilivyosema mimi: "Afande anasema, miaka kenda, hakuna mutu alimwambia karibu. Mimi tu nilikuwa ninamusemesha, na nilikuwa ninamutukana."

Halafu akaongeza, ambayo nafikiri ni kinyume cha sheria yenu, "Na mimi asubuhi nikikosa kukuona, nilikuwa ninauliza bibi yangu, yule mujinga iko wapi? Asikuwe mugonjwa."

Mheshimiwa, alianza kucheka Nobert. Nataka hilo liandikwe. Mimi nilifuata tu. Tulicheka mpaka dumu langu likapasuka nikakaa matopeni, na watu wa pande zote mbili wa uzio wakacheka, Wakonzo na Waacholi na Waganda na Wateso, na Praiveti Ssali alicheka kupita cheo chake. Wakati huohuo mbuzi alikuwa ametafuna kamba, amemaliza kitalu cha pili na nusu ya shuka la Apio. Hakuna aliyemjali.

Kabla ya kuondoka nilimwendea Gorret. Nilivua viatu kwanza. Nikapiga magoti palepale, kiasi cha kimo chake, nikamwambia kwamba baba yake siku ile hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Akasema, "Nimesikia, Afande." Kisha akauliza kama anaweza kuvijaribu vile viatu. Alitembea navyo mpaka kwao, na vilirudishwa Jumapili vikiwa vimepigwa rangi.

Jumapili hiyohiyo nilikula kwa Nobert. Bundu, ule ugali wao wa muhogo, mzito kama inavyotakiwa, na samaki mzima ambaye mke wa Nobert alikwenda kumnunua mpaka Muhokya. Tangu siku hiyo sina kitu. Nikienda nyuma ya nyumba asubuhi kutukana, mtu anainua mkono kutoka kwenye mihogo na kuniambia, "Wabukire, Onen!" Hata cheo changu ameacha kukitaja. Nifanye nini na salamu kama hiyo? Nairudisha. Nimeshajifunza kuirudisha kwa Kikonzo, na wenyewe wanasema matamshi yangu ni ya kutisha, lakini wanasema hivyo wakiwa wamenikaribisha kiti.

Sasa tafakari nami hili jambo linakoelekea. Kama darasa moja la watoto wenye miaka kumi na mbili limeweza kumaliza vita vyangu kwa asubuhi moja, likisaidiwa na madumu mawili tu, je, wakimaliza shule? Wakiwa mawakili, kesi zitatoka wapi? Wakiwa wabunge, redio itatangaza nini? Wakiwa maafisa wa jeshi, mimi nitafundisha gwaride la kwenda wapi? Siku itafika kambi hii italimwa mihogo, na Nobert atakuwa ofisa wangu wa kilimo. Nchi haiwezi kuendeshwa hivyo. Au labda inaweza, lakini sisi wenye sauti kubwa tungepaswa kuarifiwa mapema.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo:

(a) Somo hilo lisimamishwe, na mahali pake liwekwe somo la Ukali wa Msingi, mara moja kwa wiki. Niko tayari kulifundisha.

(b) Mwalimu Musoki ahamishiwe mahali pasipo na watu. Napendekeza kule juu kwenye theluji, ambako nimethibitisha kwa macho yangu kwamba nafasi ipo.

(c) Nirudishiwe adui yangu, au nipewe mwingine mwenye uzoefu usiopungua miaka tisa.

(d) Jina la Sarah lifutwe kwenye daftari la shule mwisho wa muhula huu. Nitampeleka mahali pengine, popote pale ambapo watoto hawaulizi maswali na kungoja jibu.

Naomba majibu yako kwa maandishi. Usinijibu kwa mdomo, kwa sababu utaniuliza nahisi nini.

Nisalimie walimu wote, hata Mwalimu Musoki. Nisalimie mpishi wa uji, mlinzi wa lango, na yule mtoto anayepiga kengele. Mwambie anaipiga kwa mkono dhaifu. Apio anakusalimu na anamsalimu Mama. Nobert naye anakusalimu. Amekaa hapa kando yangu anakunywa chai yangu, na anasema sehemu ya sita nimeiandika kwa haki.

Wako aliyekasirika kwa utaratibu,

Sajenti Onen

N.B. Barua hii ilikuwa imeshafungwa nilipopokea amri ya uhamisho. Natakiwa kuripoti Karamoja tarehe moja mwezi ujao. Nimempigia mkubwa wangu saluti, nikamwambia nilichokiona, ninavyohisi na ninachohitaji, kisha nikaomba familia yangu ibaki huku mpaka Sarah amalize darasa la saba. Akaniuliza nimejifunza wapi kuongea hivyo. Amekubali, ila nyumba ya kambi lazima tuirudishe. Apio na Sarah watakaa kwa Nobert. Ndugu zake wameshaanza kukandika chumba. Kwa hiyo tafadhali futa (a), (b), (c) na (d). Jina la Sarah usiliguse. Liache hapo lilipo, kwa Mwalimu Musoki.

Jambo moja tu limebaki. Leo asubuhi Nobert alikuja shuleni kujaza fomu ya mlezi, na mahali palipoulizwa uhusiano wake na mtoto aliandika "baba mdogo". Karani wako ameirudisha fomu. Anasema Mukonzo hawezi kuwa baba mdogo wa mtoto wa Kiacholi. Naomba umweleze kwamba anaweza.